Dume au jike: gamba, tumbo kwa chini, au kusubiri abalehe?

Miguu8

Wakuu habari za humu. Nina buibui mkubwa mwenye manyoya, Brachypelma hamorii, nilimchukua akiwa kitoto cha kukaa juu ya ukucha wa kidole gumba na nafasi ikabaki. Sasa akinyoosha miguu anafika kama sentimita 7 kutoka ncha ya mguu wa mbele hadi ya nyuma. Aliyenipa aliapa kwamba ni jike, nikamwita Malkia. Juzi kaja rafiki yangu anayefuga pia, kamtazama sekunde tatu, kasema, "Hilo dume, huoni lilivyokonda?" Tangu hapo sina amani.

Nimesoma huku na kule, naona njia ni nne: kukagua gamba, yaani ngozi ya zamani anayoiacha baada ya kujivua, kumtazama tumbo kwa chini, kupima kwa umbo na rangi, au kukaa tu mpaka abalehe ajionyeshe mwenyewe. Kila mtu anasifia yake na kuponda ya mwenzake. Wazoefu nilinganishieni: ipi ya kuaminika, ipi ya kupoteza muda, na kwa ukubwa huu nianze na ipi? Gamba lake la mwisho ninalo, ila limejikunyata limekuwa kama jani kavu.

Kwa nini nataka kujua? Dume wa aina hii akibalehe siku zake zinahesabika, jike anaweza kupitisha miaka 20. Nataka kujua nimekaa na nani.

GambaKavu

Mkuu, umeuliza njia huku jibu umelifungia kwenye kopo. Anza na gamba.

Iko hivi. Jike ana kifuko cha kutunzia mbegu za dume, spematheka. Kifuko hicho kwa ndani kimetandikwa ngozi ngumu ileile ya nje ya mwili, kwa hiyo anapojivua hutoka nacho, kama mfuko wa suruali unavyochomoka ukiigeuza suruali nje ndani. Ndiyo sababu jike aliyepandwa akijivua kabla hajataga, mbegu zote zinaondoka na gamba na inabidi apandwe upya. Dume kitu hicho hana. Hapo hubishani kuhusu unene wala rangi, unatafuta kitu kilichopo au kisichopo.

Jinsi ya kufanya:

Gamba likiwa kavu usilifungue kwa nguvu, litavunjika palepale unapopahitaji. Lilaze kwenye maji ya uvuguvugu yenye tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo. Sabuni inafanya maji yapenye, bila hiyo gamba linaelea tu kama mashua. Nusu saa hutosha kwa gamba jipya, la zamani liache hata usiku mzima. Kisha litoe, liweke juu ya kitu laini cha rangi nyeusi au bluu, na kwa brashi nyembamba ya rangi na kibano kisicho na meno ulikunjue ile sehemu ya tumbo taratibu. Ndiyo ile iliyosinyaa kama puto lililoisha upepo. Upande wa ndani ukutazame.

Utaona mabaka manne meupe. Hayo ni mapafu, yamepangana ndani kama kurasa za kitabu. Achana na mawili ya nyuma. Kati ya yale mawili ya mbele, upande wa kifuani, kuna mstari unaokata kwa upana. Tazama katikati ya mstari huo, upande unaoelekea kichwani. Jike utaona ulimi umesimama hapo, na ukipitisha unywele wa brashi nyuma yake unauinua. Dume ni bapa, brashi inateleza.

Na ujifunge glavu. Tumbo la gamba la hamorii limebeba nywele zile zile anazokurushia akikasirika. Zinawasha kama upupu, na ukijisahau ukafikicha jicho utanikumbuka.

Dada_Nyuzi

GambaKavu nakuheshimu, lakini unazungumza kama vile kila buibui anakuachia gamba safi mezani. Wangu wengi ni wa juu ya miti, Caribena versicolor na Poecilotheria. Wanajivulia ndani ya handaki la utando, na mpaka nilipate gamba limeshasukumwa, limekanyagwa, limetafunwa, limekuwa kidonge. Tumbo ndilo la kwanza kuharibika kwa sababu ndilo jembamba kuliko sehemu zote.

Mimi natazama tumbo kwa chini. Hawa wa kupanda wanalala kwenye kioo, tumbo linanitazama bure. Wa chini ya ardhi kama Malkia unamwelekeza polepole kwa brashi aingie kwenye kopo la plastiki linaloonekana pande zote, unaliinua kidogo tu juu ya meza, unapiga picha kwa chini na tochi ikimulika kwa ubavuni. Kidogo tu! Buibui wa ukubwa huo akianguka toka urefu wa kifua tumbo linapasuka, na ndiyo mwisho wake.

Unachotafuta kiko juu kidogo ya ule ule mstari anaousema GambaKavu. Dume ana mirija midogo ya uzi hapo, anaitumia kumalizia utando wa kuwekea mbegu zake atakapobalehe. Kwa nje inaonekana kama kiraka cha nusu mwezi, vinywele vifupi, vimelala mwelekeo tofauti na majirani zake, mara nyingi vyeusi zaidi. Jike hana kiraka. Nywele zake ni sawa eneo lote, na mstari wenyewe huwa umevimba kidogo kama midomo iliyofumbwa.

Ukishajifunza kukiona hicho kiraka hukisahau. Mimi nawakisia hata wa sentimita 4, na huhitaji kusubiri mtu ajivue.

Kobe_Polepole

"Ukishajifunza kukiona hukisahau." Mimi nilijifunza, nikakiona, na hakikuwepo.

Nilikuwa na Grammostola pulchra wawili. Anayewajua anajua: weusi tii, kila unywele mweusi. Kutafuta kiraka cheusi juu ya tumbo jeusi ni sawa na kutafuta sindano ya nguo gizani. Nikapiga picha hamsini, nikazikuza mpaka zikawa vumbi, nikatuma kwa wafugaji wenzangu. Watu sita walijibu. Wanne walisema mmoja dume na mwingine jike, na jibu la wengi nikalifanya langu kwa sababu ndilo nililolitaka.

Nikawalea kama jozi. Miaka. Siku nilipoona wamefikia ukubwa nikawakutanisha, nimeshika kipande cha kadibodi tayari kuwatenganisha. Walitazamana kama dakika moja. "Dume" hakupiga ngoma ya miguu hata mara moja, jambo ambalo dume aliyekomaa hufanya kabla ya kusogea. Nilipaswa kusimamisha palepale. Nikasema ana haya. Kufumba na kufumbua yule mkubwa alikuwa amemrukia mwenzake na chonge zimeshazama, na kadibodi yangu bado iko mkononi. Wote wawili walikuwa majike.

Magamba yao nilikuwa nayo ndani ya bahasha muda wote huo. Sikuwahi kuyaloweka.

Dada_Nyuzi

Pole sana Kobe. Hapo nakubali, pulchra kwa tumbo ni kubahatisha. Njia yangu inafaa wale wa rangi ya kahawia, kijivu, wenye nywele nyepesi. Na hata hapo napendelea picha mbili za nyakati tofauti, moja akiwa ameshiba, maana tumbo likisinyaa mikunjo inajitengenezea viraka vya uongo.

Ila kwenye suala la kuwakutanisha, hata kama mimi ndiye ningekupa jibu nisingekuambia uwakutanishe kwa picha.

SiMdudu

Kwanza jina langu nimelichagua kwa makusudi, kwa hiyo yule aliyeandika "mdudu" kwenye mada ya jirani nimemwona.

Pili, ninyi wa gamba msijipigie makofi mapema. Makosa ninayoyaona zaidi humu si ya tumbo, ni ya gamba lililosomwa na mtu mwenye haraka. Madume wengi, hasa wakiwa wachanga, wana viungo vya ziada palepale anapoelekeza GambaKavu. Ni vinundu viwili vidogo. Mtu mwenye lenzi dhaifu na hamu ya kupata jike anaviona, anashangilia, anabadilisha lebo.

Tofauti ni hizi. Spematheka ya jike ina mwili, ni nene kuliko ngozi inayoizunguka, mara nyingi imeiva rangi ya kahawia kwa juu. Nyuma yake kuna ukingo wa ngozi unaotembea kutoka upande mmoja hadi mwingine, kwa hiyo unaweza kuinua kitu kizima kama kifuniko cha bahasha. Vinundu vya dume ni laini, vyepesi, havina kifuniko.

Tena umbo linategemea jenasi, yaani kundi la aina zilizo karibu, kwa hiyo usitafute picha ya jike yeyote, tafuta ya aina yako. Hamorii ni kipande kimoja kipana. Grammostola ni vidole viwili vifupi vilivyotengana. Poecilotheria vimeungana vikawa kama kibao. Mtu aliyezoea Grammostola akiona hamorii anaweza kusema hamna kitu kwa sababu tu havikuja viwili.

Na ukubwa: chini ya sentimita 5 za miguu, kwa jicho na lenzi ya mkononi, usijisumbue kutoa hukumu. Kwa hadubini unaweza kwenda chini zaidi, lakini utahitaji mkono usiotetemeka.

MzeeMiguu

Vijana mna haraka. Mimi wangu wengi nimewajua siku waliponiambia wenyewe.

Dume akijivua kwa mara yake ya mwisho huhitaji lenzi. Vile vipapasio viwili vya mbele, mikono mifupi anayoshikia chakula, ncha zake zinavimba kama vichwa vya njiti za kiberiti. Humo ndimo anamobeba mbegu. Miguu inarefuka, tumbo linapungua, na yule aliyekuwa anakaa mlangoni mwa shimo lake kama mlinzi anaanza kuzunguka chumba usiku kucha, chakula hataki. Wengi pia wanaota kulabu chini ya goti la miguu ya mbele kabisa, za kuzuilia chonge za jike wakati wa kupanda. Ni busara hiyo, ukifikiria aliyosimulia Kobe.

Ila msizitafute kulabu kwa kila mmoja. Poecilotheria dume hana. Theraphosa blondi dume hana. Kuna mtu alikaa na blondi dume mwaka mzima akisema ni jike kwa sababu hakuona kulabu, vipapasio hakuvitazama.

Rangi nayo mara moja moja inasema. Cyriopagopus lividus, yule wa buluu, dume akibalehe buluu inakwenda na anabaki na rangi ya udongo. Mtu asiyejua hudhani amebadilishiwa buibui. Lakini hiyo ni ukubwani, wakiwa wachanga ni walewale.

Kasoro ya njia yangu sifichi. Ukishamjua, amebakiza miezi, akijitahidi sana mwaka na kidogo. Na kama ulitaka kumzalisha, ndipo unaanza kukimbia huku na kule kutafuta jike.

GambaKavu

Na umbo, kabla hatujasahau, maana ndilo rafiki wa Miguu8 alilotumia. "Limekonda, ni dume." Jike aliyekaribia kujivua anagoma kula wiki kadhaa, ukimkuta baada ya kujivua ni miguu mitupu. Dume anayelishwa mende kila jioni anakuwa na tumbo la zabibu. Waliozaliwa kifuko kimoja cha mayai, ukiwapa joto na chakula tofauti, mmoja anamzidi mwenzake mara mbili na wote ni jinsia moja. Umbo mimi silihesabu kabisa.

Miguu8

Wakuu ahsanteni, nimefanya yote. Gamba nililiacha usiku mzima kama alivyosema GambaKavu. Asubuhi lilikuwa laini kama karatasi ya sigara iliyolowa. Kifua na miguu vilifunguka vizuri mno, mpaka nikaona chonge zake tupu na ngozi ya tumbo la chakula ikining'inia kama uzi. Nikafika kwenye tumbo. Pafu moja la mbele, safi. Nikafuata mstari kwenda katikati, na katikati kuna tundu. Limechanika palepale. Pafu la pili liko kipande cha pili.

Nikamweka kwenye kopo nikapiga picha. Nimeziambatanisha hapo chini. Kwa jicho langu naona kivuli cha nusu mwezi, lakini baada ya kusoma ya Kobe naona pia nyuso za watu.

Dada_Nyuzi

Picha ya tatu ndiyo nzuri. Mimi nasema dume. Kiraka kipo, kimejitenga, na mstari hauna midomo. Lakini kopo lina mikwaruzo na mwanga umetoka juu, kwa hiyo niandikie "huenda". Ukitaka lebo, andika kwa penseli.

Kobe_Polepole

Mimi siandiki chochote.

GambaKavu

Subiri gamba lijalo. Safari hii usilingojee likauke. Ukimkuta amelala chali usimguse wala usimpulizie maji, hajafa, anajivua. Mwache amalize, ageuke, akae. Siku ya pili ingiza kibano kirefu ulitoe gamba polepole na ulifungue hapohapo likiwa bado na unyevu. Halihitaji sabuni wala subira. Chakula usimpe mpaka chonge ziwe nyeusi. Zikitoka ni nyeupe, ni laini, na nyenje anaweza kumgeuzia kibao.

Miguu8 (miezi mitatu baadaye)

Narudi na majibu. Alilala chali Jumamosi usiku, nikazima taa nikakaa kwenye kiti kama mtu anayesubiri mkewe wodini. Kufikia alfajiri alikuwa amegeuka, magoti ya chungwa mapya yanang'aa, amekaa pembeni ya gamba lake kama halimhusu.

Nililitoa kesho yake. Lilifunguka kama kitambaa. Mapafu manne, meupe, kamili. Mstari. Nikaweka lenzi na tochi kwa chini mwanga upite katikati. Na moyo ukanipasuka, kwa sababu kuna kitu. Vinundu viwili, kimoja kila upande wa katikati, vidogo kuliko kichwa cha pini.

Hapo nilikuwa nimeshaandika "JIKE" humu kwa herufi kubwa. Nikakumbuka SiMdudu, nikafuta.

Nilipitisha unywele wa brashi nyuma yake mara tano. Hakuna kinachoinuka. Hakuna kifuniko, ngozi ni bapa toka pafu hadi pafu, na vinundu ni vyepesi kiasi kwamba nikisogeza tochi vinapotea. Picha tatu hizo hapo, moja ya ubavuni.

SiMdudu

Ya ubavuni ndiyo imemaliza kazi. Kwa hamorii wa ukubwa huo jike angekuwa na ulimi mmoja mpana ambao hata tochi mbovu ingeuona. Hivyo ni viungo vya ziada. Dume. Na hongera kwa kufuta.

Dada_Nyuzi

Sitasema nilisema.

MzeeMiguu

Umesema.

Miguu8

Yule rafiki yangu sijamwambia bado. Alipatia, lakini kwa sababu ya tumbo kukonda, na nikimwambia alipatia ataendelea kuwakonda-kondea watu buibui zao.

Swali la mwisho: kuna mwenye hamorii jike aliyethibitishwa kwa gamba, si kwa picha? Malkia, jina halibadiliki, bado hajabalehe, na GambaKavu ameshaniambia kwa pembeni kwamba miaka bado ipo. Nataka nianze kuulizia mapema, nisije nikakimbia huku na kule kama alivyosema Mzee.

Kobe_Polepole

Yule pulchra aliyebaki ni jike, lakini si wa aina yako, kwa hiyo sikufai. Ila hamorii mmoja ninaye, wa sentimita 11. Wakati nampata tulikuwa bado tunamwita Brachypelma smithi, kabla ya ule uchambuzi wa 2017 uliotenganisha aina hizo mbili. Gamba lake la mwaka huu liko kwenye bahasha yenye tarehe. Nalitia kwenye maji leo usiku, kesho naweka picha, ya juu na ya ubavuni.